Toka lini kalamu ikachajiwa? Jinsi ya kumsaidia kijana wa nyumbani kuacha vepu

Nianze na iliyonikuta mimi manake najua kuna mtu anasoma hapa anayo nyumbani kwake na hajui. Likizo ya Agosti mtoto wa kaka yangu alikuja kukaa kwangu hapa Mombasa, kijana wa miaka 16, mpole, wa kuosha vyombo bila kuitwa. Siku ya tatu naingia chumbani kwake kuchukua nguo za kufua naona chaja ya simu iko kwenye soketi na mwisho wa waya si simu, ni kikalamu kinene cha kijani kama zile hailaita za kupigia mistari kwenye kitabu. Nikakinusa, tikiti maji. Nikakirudisha nikaenda zangu na nguo, nimefika kwenye beseni ndo akili ikanijia, toka lini kalamu ikachajiwa?

Kumbe ni vepu, sigara ya umeme. Basi haya ndo niliyojifunza, mengine kwa kukosea kwanza.

Usipige kelele siku hiyo. Mimi nilipiga, tena mbele ya wadogo zake, na baba yake kule Doha nilipompigia akasema mchape. Matokeo yake kijana akanyamaza siku mbili kama kamwagiwa saruji, na kile kikalamu sikukiona tena, kikahamia kwenye soksi. Ukikiona wewe kiache hapo hapo, kaa na moyo wako usiku mmoja, kesho yake kijue kwanza kabla hujasema neno.

Ndani yake hamna maajabu. Kuna betri ya lithiamu kama ya simu, kuna kijiwaya kinachopata moto wanakiita koili, pamba, na yale maji yake. Ukivuta, koili inachemka, maji yanageuka wingu. Hayo maji ni glisirini na propilini glaikoli, hivyo viwili ndo vinatoa lile wingu zito, halafu fleva, halafu nikotini. Sasa kijana atakwambia shangazi huu ni mvuke wa maji tu. Usibishane naye, mpeleke kwenye dirisha la chumba anachovutia mwambie apitishe kidole kwenye kioo. Mimi nilipitisha, kidole kikatoka na utando unaonata utadhani mtu alikuwa anakaanga maandazi mle ndani. Mvuke wa maji unakauka unaenda zake, ule haukauki, na kama umeganda kwenye kioo jua na kifuani unapita huo huo. Na ule moto wa koili unazalisha vingine ambavyo havikuwemo kwenye maji, formaldehidi, akrolini, na vipimo vya lile wingu vimekuta chembe za nikeli, kromiamu na risasi zinazotoka kwenye vyuma vyake. Fleva nayo, hata kama ni ile ile ya kwenye keki, keki inaenda tumboni, tumbo lina kazi ya kusaga kila kitu, pafu halina kazi hiyo.

(Na hapa lugha imetucheza, vijana kuvuta mara moja wanaita kupiga pafu. Boksi linasema pafu 5000 na wao wanaona ni ofa.)

Sasa hilo boksi, hapa nataka utulie kidogo na simu yako kwenye kikokotoo. Mimi nililipata chini ya godoro siku ya nne. Mbele picha ya tikiti, pembeni kwa maandishi madogo kama sisimizi imeandikwa 5% na 10 ml. Unaona 5% unasema ah kidogo, hata mimi nilisema hivyo. Kumbe asilimia 5 maana yake miligramu 50 za nikotini katika kila mililita moja. Zidisha kwa 10, ni miligramu 500 kwenye kikalamu kimoja. Sigara moja ya kawaida inamuingizia mvutaji kama miligramu 1 hadi 1.5 hivi. Haya, sema sio zote zitamuingia, nyingine inapeperuka na wingu, kata nusu, ni 250, bado si chini ya pakti 8 za sigara, zile za 20 20. Nikamuuliza hiki kinakuishia siku ngapi akasema kumi. Nikampa simu afanye hesabu mwenyewe. Hiyo hesabu ilifanya kazi ambayo kelele zangu zote hazikufanya, alikaa kimya lakini kimya kingine. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka mwisho miligramu 20 kwa mililita na tangi lisizidi mililita 2, kwa hiyo linganisha wewe mwenyewe na hicho cha chini ya godoro.

Unaweza kujiuliza kwani hakohoi? Hakohoi kwa sababu siku hizi nikotini wanaichanganya na asidi inakuwa chumvi ya nikotini, inateleza kooni haikwaruzi, mtoto anavuta nyingi bila kujua ni nyingi. JUUL, kampuni ya vepu, ndo waliueneza mtindo huo Marekani kuanzia 2015, na kufika 2019 vijana wa shule zaidi ya milioni 5 kule walikuwa wanavuta vepu. Ila mwaka 2024 walikuwa wamebaki kama milioni 1.6, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba hiki kizazi kimeshapotea.

Ukifika kwenye madhara sema ya kweli tu, usitie chumvi, manake huyo ana intaneti mfukoni na akikukamata na uongo mmoja mengine yote tisa hayaamini. Ile ya kwamba vepu inaleta ugonjwa wa mapafu wa popkoni, hiyo ilitoka kwa wafanyakazi wa kiwanda cha popkoni kule Missouri waliokuwa wanavuta mvuke wa kemikali ya ladha ya siagi, usiitumie kama fimbo. Ile ya watu kulazwa na mapafu kwa ajili ya vepu kule Marekani 2019 ni kweli, hadi Februari 2020 walihesabu watu 2,807 waliolazwa au kufa, waliokufa 68, lakini wengi walivuta mafuta yenye kiini cha bangi yaliyotiwa asetati ya vitamini E. Hapo somo ni kwamba maji ya kujaziwa mtaani na mtu usiyemjua usiyaguse, si kwamba kila mwenye kikalamu atalazwa wiki ijayo.

Ya kweli yanatosha. Ubongo unaendelea kujengeka mpaka kwenye miaka 25 hivi, na nikotini inaingia pale pale panapojengwa umakini na kujizuia, ndo maana mtoto ananaswa haraka kuliko mtu mzima. Moyo unaenda mbio, presha inapanda. Mwenye pumu anazidiwa. Na kijana anayeanza na vepu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuja kushika sigara yenyewe. Lakini nikuambie siri, kwa miaka 16 hakuna anayeamini atakufa. Wangu kilichomgusa ni mpira, anacheza winga, na alikiri mwenyewe kwamba dakika za mwisho pumzi inamkatika siku hizi. Tafuta cha kwako, kwa mwingine ni sauti ya kaswida au kwaya, kwa mwingine ni hela.

Atakurushia na hii: mbona Uingereza wanawapa watu vepu waache sigara? Jibu ni ndio, wanawapa watu wazima ambao tayari wanavuta sigara, na kwa hao inaweza kuwasaidia kwa sababu sigara ni mbaya zaidi. Wewe ulikuwa unavuta sigara? Hapana. Basi wewe hukutoka kwenye moto ukaingia kwenye moshi, ulikuwa umekaa barazani kwako na upepo wako safi. Na hao hao Waingereza zile za kutumia na kutupa wamepiga marufuku kuuzwa tangu Juni 2025, na jirani zetu Uganda kwa sheria yao ya 2015 hawataki vepu ya aina yoyote.

Mazungumzo yenyewe usiyafanye mmekaa mnaangaliana kama kortini. Sisi tulikuwa tunakuna nazi, yeye kwenye mbuzi, mimi nachuja tui. Mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka. Nilimuuliza matatu tu: ya kwanza ulipewa na nani (sitaki jina, ni rafiki au muuzaji), asubuhi unavuta baada ya muda gani ukiamka, na umewahi kujaribu kuacha. Hilo la pili ndo kipimo. Akisema kabla hata ya kupiga mswaki, huyo kashanaswa sawasawa, usimwambie acha tu kwa nguvu za Mungu, anahitaji mpango. Wangu alisema anaamka usiku wa manane kupiga pafu mbili. Nililia jikoni, lakini hiyo ni habari nyingine.

Mpango wenyewe. Chagueni siku, pamoja, na ikae kwenye likizo, si wiki ya mitihani na si bodingi katikati ya wenzake wanaovuta. Sisi tulichagua Ijumaa. Kabla ya siku hiyo atoke kwenye lile grupu la WhatsApp la muuzaji, manake hawa wanaleta mpaka mlangoni na boda, na hapo usimsimamie kichwani, mwambie tu atoke. Kifaa chenyewe usikichome na usikitupe jaani, betri ile inalipuka, mpelekee fundi simu anayejua pa kupeleka betri mbovu. Kama kuna mtoto mdogo nyumbani hakikisha hakuna kilichobaki na maji, nikotini ikimezwa ni sumu, akianza kutapika, kutoka mate na jasho na kulegea mkimbize hospitali na hicho kitu mkononi.

Halafu kuna arosto. Hapa Pwani hilo neno tunalijua kwa mateja wa unga, nikalitumia makusudi, akashtuka, akasema shangazi mimi si teja. Nikamwambia sijasema wewe ni teja, nimesema mwili wako utadai. Inaanza baada ya saa chache tu, siku ya pili na ya tatu ndo kilele, halafu inashuka pole pole kwa wiki mbili mpaka nne. Hasira, usingizi hamna, kichwa, njaa ya ajabu, kitabu hakipandi. Mwambie mapema ili ikija asidhani anaharibikiwa. Jumamosi asubuhi huyu mtoto mpole alipiga teke kandambili ikagonga ukuta kwa sababu chai haina sukari. Kikombe alikitia sukari yeye mwenyewe. Sikusema kitu, niliosha mboga zangu.

Kinachosaidia ni kujua kwamba kila hamu ikipanda haikai, ni dakika chache, tano, kumi, inapita hata usipoipa. Kwa hiyo kazi ni kupitisha dakika. Tulikuwa na mabuyu, karanga, chingamu, maji baridi, na safari za uongo, nenda kaniletee bizari, nenda tena nimesahau ndimu. Mswaki unasaidia sana, sijui kwa nini. Usimruhusu akabadilisha na vile vipakiti vya nikotini vya kuweka kwenye ufizi, ni nikotini ile ile imevaa kanzu nyingine, wala muguka, yale majani ya kutafuna ndugu yake miraa. Kwenye kemisti kuna chingamu na plasta za nikotini za kuachia lakini kwa aliye chini ya miaka 18 usinunue kienyeji, muone daktari kwanza. Na namba ya NACADA, wale wa serikali ya Kenya wanaopambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, bure, unaweza kupiga wewe mzazi hata kama kijana hataki. Kifua kikibana, pumzi ikimuishia, au kikohozi na homa na kutapika kwa pamoja, hapo si mambo ya mabuyu tena, ni hospitali, na mwambieni daktari wazi kwamba alikuwa anavuta vepu.

Na atateleza. Wangu aliteleza wiki ya tatu shuleni, akaniambia mwenyewe siku ya kutembelewa, kichwa chini. Sikumuuliza kwa nini, manake kwa nini haina jibu. Nilimuuliza ilikuwa saa ngapi, wapi, na kabla yake alikuwa anafanya nini. Ilikuwa baada ya prepu ya usiku, nyuma ya bweni, njaa. Basi nikajua tatizo ni ile nusu saa, si dunia nzima, na kuanzia hapo namletea karanga kilo mbili, za saa hiyo tu.

Mara ya mwisho nimeenda, rafiki yake mmoja mrefu akanifuata mpaka getini amebeba mfuko wangu mtupu, anazunguka zunguka, mwisho akauliza, shangazi, hiyo siku ya pili inakuwaje? Nikamwambia kaa hapa kwanza. Cha kwako kimeandikwa asilimia ngapi?