Siku Chache za Mji wa Bandari: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupanda Meli ya Kitalii

Meli ya kitalii haina ya kesho. Ikishang'oa nanga imeondoka na chumba chako ulichokilipia, na kuifukuzia hadi bandari inayofuata ni gharama yako. Pengine hata hutaruhusiwa kuipandia huko: kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1886, meli yenye bendera ya nje (iliyosajiliwa nje ya Marekani) haichukui abiria bandari moja ya nchi hiyo na kumshusha nyingine isipokuwa kwa masharti. Ndiyo maana watu hufika siku mbili tatu mapema. Wengi huzihesabu siku hizo kuwa za matembezi. Mimi nazihesabu kwanza kuwa za kurekebisha yaliyoharibika njiani, na ukizitazama hivyo mpango wake wote hubadilika.

Kwanza jua meli iko wapi hasa. Tangazo linaweza kusema Roma, kumbe gati liko Civitavecchia, kilomita 80 hivi kutoka mjini. "Paris" ni Le Havre, karibu kilomita 200. "London" mara nyingi ni Southampton. Venice nayo, tangu Agosti 2021 meli kubwa zimezuiwa kupita mfereji wa Giudecca, kwa hiyo baadhi ya safari zinazouzwa kwa jina lake huanzia Ravenna, saa mbili au zaidi kwa gari. Na ukishaujua mji, uliza gati. Southampton ina vituo kadhaa vya abiria, na havikai pamoja. Dereva wa teksi mtajie jina la kituo na la meli pia.

Ushauri wangu hapo ni mmoja: usiku wa mwisho lala karibu na gati, hata kama hoteli zake hazina mvuto. Tembea Roma siku mbili, kisha jioni ya kuamkia safari uwe Civitavecchia. Migomo ya treni Italia si habari ngeni, na kukesha ukiwaza treni ya asubuhi si mapumziko.

Viza ndiyo inayowaumbua wengi. Zile siku za hoteli zinahesabiwa: safari ya usiku saba ukitanguliza usiku tatu ni siku kumi na moja, na viza iliyoombwa kwa siku za meli tu haitoshi. Tazama pia idadi ya kuingia. Ukipanda meli Piraeus, Ugiriki, ikapita Uturuki na kukurudisha Ugiriki, umetoka eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na kuingia tena, hivyo unahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Pasipoti iwe na miezi sita ya uhai baada ya safari kwisha. Kampuni nyingi za meli hudai hivyo. Kama njiani kuna nchi inayotaka cheti cha homa ya manjano, chanjo uipate mapema, maana cheti huanza kutambulika siku kumi baada ya sindano.

Siku ya kuwasili usilipie matembezi yoyote. Iache tupu, ni ya ndege iliyochelewa na begi lililopotea. Mkoba wa mkononi ubebe dawa, miwani, chaja na nguo za siku mbili. Begi lisipotokea, shirika la ndege uliachie anwani ya hoteli pamoja na jina la meli, tarehe ya kuondoka na bandari ya pili. Wasafiri wengi huacha anwani ya hoteli tu, na begi hufika mapokezi mwenyewe akiwa baharini.

Siku ya kati nenda mbali utakavyo. Ya mwisho iwe ya kazi ndogondogo: kufua, kununua dawa ya kichefuchefu, kuchapisha lebo za mizigo. Pasi ya nguo usihangaike nayo, itazuiwa mlangoni. Lebo zikunje vizuri na uzipige stepla kwenye mpini, kwa kuwa gatini wapagazi hulichukua begi na huenda usilione hadi jioni. Nimewahi kuona familia ikisimamisha foleni nzima: pasipoti zao zilikuwa ndani ya begi lililokwisha kwenda.

Chakula nacho kina lake. Kabla ya kupanda huenda ukaulizwa kama umeharisha au kutapika siku za karibuni, kwa sababu virusi vya norovirus huenea upesi melini. Ukijibu ndiyo unaweza kufungiwa chumbani au kukataliwa kabisa. Basi vyakula vibichi vya baharini si vya jioni ya mwisho, hata vikinukia namna gani.

Asubuhi ya safari hoteli itataka chumba mapema kuliko zamu yako ya kupanda. Omba mizigo ikae mapokezi. Kisha saa. Simu iwe kwenye majira ya mji ule, na tiketi uisome mara mbili: 16:00 ni saa kumi jioni, na kampuni nyingi huacha kupokea abiria saa moja hadi moja na nusu kabla ya meli kuondoka. Dirisha lako basi linaweza kufungwa saa nane na nusu mchana.