Pikapu: usiangalie ukubwa wa injini peke yake

Ukitafuta pikapu ya dizeli, fikiria kwanza mzigo na njia, ndipo uulize lita za injini. Kazi ikiwa ni Kampala na Entebbe, vifurushi vyepesi na foleni, injini ya lita 2.4 inatosha kabisa. Kubwa utailisha mafuta bure. Ila ukishusha viazi kutoka Kabale au ukipanda Kapchorwa umejaza, chukua 2.8. Hilux ya 2.8 ya otomatiki kuanzia toleo la 2020 ina torki (nguvu ya injini ya kuzungusha magurudumu) ya Nm 500, ya 2.4 ni 400, na mlimani tofauti hiyo utaihisi mguuni. Kagua pia kama ina tabochaja, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini: huko juu hewa ni nyepesi, na injini kuukuu isiyo nayo hukosa pumzi na kutoa moshi mweusi, hata ikiwa ya lita 3.