Kabla ya usingizi, mtazame tumboni: kupima mfuko wa chakula kwa ultrasaundi

Mgonjwa anayesubiri kutiwa usingizi wa upasuaji akiniambia, "Daktari, sijala tangu jana," humuuliza tena: "Na chai je?" Mara nyingi jibu hubadilika. Kwetu chai ya maziwa haihesabiwi kuwa chakula, lakini tumbo huihesabu. Maji matupu yanataka saa 2 kabla ya usingizi, chai ya maziwa au mlo mwepesi saa 6, nyama na vya mafuta saa 8 au zaidi. Na hata saa hizo hazitoshi kuaminiwa kwa aliyevunjika paja, mama aliye kwenye uchungu au mwenye kisukari cha miaka mingi. Matapishi yakiingia mapafuni yanaweza kuua, kwa hiyo hapo navuta mashine ya ultrasaundi, inayopiga picha kwa mawimbi ya sauti.

Hatua ya 1. Chukua probu (kifaa cha mashine kinachogusa ngozi) ya tumbo, ile yenye uso wa mviringo, ya megahezi 2 hadi 5. Kwa mtoto mdogo tumia ile bapa.

Hatua ya 2. Mlaze chali, paka jeli kwenye chembe cha moyo. Weka probu kwa urefu wa mwili, kisha itembeze polepole toka mbavu za kushoto kwenda za kulia. Unatafuta antramu, sehemu ya mwisho ya mfuko wa chakula. Mbele yake pana ini, nyuma yake kongosho, na ndani zaidi aota, mshipa mkubwa wa damu. Ukuta wake ni mnene, una utepe mweusi wa misuli. Ndivyo utakavyoutofautisha na utumbo.

Hatua ya 3. Mgeuze alalie ubavu wa kulia, upime tena. Wanafunzi wangu wengi huiruka hatua hii, nami siwaachii. Akilala chali, maji hujificha nyuma ya mfuko. Akigeuka, huteremkia kwenye antramu na hewa hupanda juu. Ukiona patupu akiwa chali ukaishia hapo, hujapima. Asiyeweza kugeuka, mwinue kichwa na mgongo nyuzi 45, ukijua picha hiyo ni dhaifu zaidi.

Hatua ya 4. Soma picha. Tumbo tupu: kuta zimegusana, bapa au kiduara kama shabaha. Maji: weusi uliotanuka, na kama ameyanywa sasa hivi, viputo humeremeta kama nyota. Chakula kipya huleta ukungu mweupe unaoficha vilivyo nyuma. Baadaye huonekana kama uji wenye mabonge. Ukiona chakula, usipige hesabu yoyote: tumbo limejaa.

Hatua ya 5. Ni maji tu? Akiwa bado kwa ubavu, gandisha picha wakati misuli imetulia. Pima vipenyo viwili kwa sentimita, nje ya ukuta hadi nje, vizidishe, zidisha kwa 3.14, gawanya kwa 4. Hilo ndilo eneo. Kisha:

mililita = 27 + (14.6 × eneo) − (1.28 × umri)

Mtu wa miaka 40, kilo 60, eneo 6: unapata kama mililita 63, yaani 1 hivi kwa kilo. Mpaka ni mililita 1.5 kwa kilo; akizidi hapo, tumbo limejaa. Eneo likiwa 10, unapata 122, zaidi ya 2 kwa kilo, huyo amejaa.

Aliyewahi kupasuliwa tumbo la chakula, hesabu hii usiitegemee. Picha isipoeleweka, mhesabu amejaa.

Aliyejaa, upasuaji ukiweza kusubiri, ahirisha. Usipoweza, fikiria ganzi ya mgongo, au mtie usingizi kwa njia ya haraka, bomba la kunyonya likiwa mkononi. Wala usimgombeze aliyeficha chai yake. Wengi wametoka mbali na wanaogopa kupoteza zamu. Mgeuzie skrini aone mwenyewe, kisha mpe saa mpya.