Wenye deikea Dodoma, nunueni nafaka ya uji wa mwaka mzima bei ikiwa chini

Kinachomaliza vituo vingi vya kulelea watoto huku kwetu ni sufuria la uji, wala si kodi ya nyumba. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kwa hiyo mahindi na uwele hushuka bei kuanzia Juni na kupanda ifikapo Januari, wakati ada yako iko palepale.

Piga hesabu: gramu 50 za unga kwa mtoto, watoto 30, ni kilo moja na nusu kwa siku. Kwa siku 22 za mwezi ni kilo 33. Miezi 10, kilo 330. Hayo ni magunia matatu na kitu, basi. Changeni wenye vituo wawili watatu, mkodi kirikuu (kigari kidogo cha mizigo) hadi soko la nafaka la Kibaigwa. Hifadhini nafaka kavu kwenye mifuko isiyopitisha hewa (dumuzi, mdudu anayetoboa nafaka, hana huruma), msage ya mwezi mmoja mmoja.

Na ada? Mzazi ambaye ni mama lishe mtoze kwa siku au wiki. Ukimsubiri mwisho wa mwezi, hela imeshanunua mchele.