Somo: Simu ya mkononi na mgonjwa wa akili nyumbani, hatua kwa hatua

Habari za leo wanachama. Somo hili nililiahidi muda mrefu, na wengi mmekuwa mkinikumbusha. Naandika kutoka Tanga mjini, Makorora. Mimi si daktari, ni dada mtu. Mdogo wangu wa kiume ana ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka, ule ambao wataalamu wanauita baipola, na tumeishi nao miaka mingi sasa.

Kazi kubwa ya simu katika ugonjwa huu ni kukumbuka. Sisi wa nyumbani tunasahau. Ukifika kliniki nesi anakuuliza, "Analalaje?" Unajibu, "Analala vizuri tu." Kumbe Jumanne ile alikesha anapanga na kupangua vyombo vya jikoni, nawe ulikasirika, kukakucha, ukasahau. Daktari naye anaandika dawa kwa kufuata hayo uliyomwambia.

Hatua ya 1: Kubalianeni akiwa na nafuu

Usianze siku amechafuka. Subiri siku ametulia, mkae barazani, umweleze unataka kuandika nini, nani ataona, na simu itakaa kwa nani. Mwanzo mimi nilifanya kinyume. Nilikuwa napekua simu yake akilala. Akajua. Akatoa laini akaitupa chooni, na miezi mitatu hakunisemesha. Siku tulipokaa na kuzungumza kama ndugu aliniambia, "Dada, andika usingizi na dawa. Mambo yangu na rafiki zangu yaache." Mpaka leo sijavuka hapo, na ndiyo maana bado ananijibu.

Hatua ya 2: Kengele ya dawa

Hapa naomba msome taratibu. Daktari akisema dawa inywewe saa mbili usiku, kwenye simu hiyo ni 20:00. Sisi tuliandika 2:00. Kengele ikawa inalia saa nane usiku wa manane, wiki nzima, inamkurupusha kijana ambaye usingizi ndio nusu ya tiba yake. Mwenye baipola akikatwa usingizi anaweza kupanda hata kama dawa anakunywa. Kwa hiyo ukishatega kengele, hesabu kwa vidole: saa moja jioni ni 19:00, saa mbili ni 20:00, saa tatu ni 21:00. Kisha kaa usubiri ilie mara ya kwanza ukiwepo.

Jina la kengele usiandike "dawa ya akili". Simu inalia mezani mbele za watu. Yetu imeandikwa "Chai".

Hatua ya 3: Maswali matatu kila asubuhi

Hii ndiyo roho ya somo. Kila asubuhi nauliza mambo matatu: jana umelala masaa mangapi, dawa umekunywa, na moyo ukoje. Moyo tunaupa namba. 0 ni mzito hata kunyanyuka kitandani hawezi, 5 ni kawaida, 10 anapaa. Naandika mstari mmoja tu. Nikiwa mbali namtumia meseji, anajibu kwa namba.

Wiki moja ya mwaka jana iliandikwa hivi:

Jumatatu: masaa 7, dawa ndiyo, 5.
Jumanne: masaa 5, dawa ndiyo, 7.
Jumatano: masaa 3, dawa ndiyo, 9. Kaongea na simu mpaka bando limekwisha, kakopa lingine.
Alhamisi: masaa 2, "dawa sina haja nayo tena", 10.

Ukimtazama Jumatano usingeona ugonjwa. Alikuwa mchangamfu, kafua nguo za nyumba nzima, majirani wanamsifu. Namba ndizo zilizosema. Alhamisi asubuhi nilimwonyesha mstari baada ya mstari, akaitazama kimya, akasema, "Twende." Tulikwenda hospitali ya Bombo kwa bajaji, kakaa mbele anapiga soga na dereva. Dawa zikarekebishwa, akarudi nyumbani. Mara ya kabla yake, tulipokuwa hatuandiki, tulimfunga kamba tukampakia nyuma ya pikapu, na mama yetu alikuwa anakimbia pembeni akimshika mguu. Nyumba yenye mgonjwa inajua tofauti ya safari hizo mbili.

Kila mgonjwa ana dalili zake za mwanzo. Kwa wetu ni usingizi na bando. Kwa mwingine ni kuacha kuoga, au kuzima simu siku nzima, au kuanza kusema majirani wanamsema. Muulize mwenyewe, anazijua kuliko wewe.

Hatua ya 4: Kupima sonona

Upande wa kushuka, ile huzuni nzito ya ugonjwa inayoitwa sonona, kuna kipimo cha maswali 9 kiitwacho PHQ-9. Kilichapishwa Marekani mwaka 2001 na kina Spitzer, Kroenke na Williams, na tafsiri zake za Kiswahili zipo. Kinauliza wiki 2 zilizopita: kukosa raha, usingizi, nguvu, hamu ya kula, kujilaumu na mengineyo. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Alama 10 kwenda juu, kamwone mtaalamu. Kuanzia 20 ni sonona kali. Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru: jibu lolote lisilo 0, usiangalie jumla tena, tafuta msaada siku hiyohiyo.

Kipimo hiki hakikuambii kama mtu ana skizofrenia (ule ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo) au baipola. Na sonona ya mwenye baipola haitibiwi sawa na ya mtu mwingine, kwa hiyo usikimbilie duka la dawa na alama zako mkononi.

Uliza kwa maneno ya nyumbani. Huku kwetu mtu hasemi "nina sonona", anasema "nina mawazo", "moyo umenielemea", "kichwa kinawaka moto". Kule Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alipoanzisha mabenchi ya urafiki mwaka 2006, mtu mwenye mawazo akae na kusikilizwa, bibi wa mtaani walifundishwa kuuliza kwa Kishona, na neno wanaloanza nalo ni *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi. Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha waliokaa na wale bibi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Hatua ya 5: Video fupi

Nusu dakika inatosha. Dawa za akili kama haloperidol zinaweza kumkakamaza mtu, mikono ikatetemeka, akatembea kama anaburuta miguu. Akifika kliniki siku hiyo yuko sawa, hakuna anayekuamini. Mrekodi anavyoshika kikombe na anavyotembea, kwa ruhusa yake. Kwa kifafa ni hivyohivyo: mwingine arekodi wakati wewe unamlaza ubavu. Kwa anayekunywa dawa hizo za akili, shingo ikipinda au macho yakikwama juu, weka simu chini, mpeleke hospitali muda huohuo.

Hatua ya 6: Siri

Weka namba ya siri kwenye simu. Habari zake zisiingie kwenye grupu la ukoo, hata kuombewa dua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ukimaliza kumwonyesha daktari video, ifute.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Muheza: Mama yangu ndiye anayekaa na kaka yangu. Ana kitochi na kusoma hajui. Tufanyeje?

Jibu: Tumieni bipu, dada yangu. Bipu moja asubuhi: kalala na dawa kanywa. Bipu mbili: nipigie. Kimya mpaka saa nne: wewe piga. Mstari uandike wewe huko uliko. Mama wa watu asibebeshwe zaidi ya hapo, tayari kabeba mengi.

Mwanachama, Pangani: Ipo programu ya kushusha itakayoniambia kama nina skizofrenia?

Jibu: Hapana, kaka. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa magonjwa ya akili uitwao mhGAP, toleo la 2016 liliwekwa kwenye simu, lakini umeandikwa kwa wahudumu wa afya na anayeamua ni mtu aliyekukalia mbele. Kama unasikia sauti, nenda Bombo, au kituo kilicho karibu wakuandikie rufaa. Kwa maelekezo piga 199 ya Wizara ya Afya, ni bure.

Mwanachama, Korogwe: Mume wangu alilazwa hospitali ya akili ya Lutindi, karudi. Sasa anasema simu ndiyo inayosikiliza mawazo yake, hataki kuiona.

Jibu: Ondoa simu, shoga yangu. Usibishane naye na usirekodi kwa kujificha, utakuwa unaithibitisha hofu yake. Nunua daftari la shule, andika humo mbele yake, alione wazi. Halafu hayo maneno yake ndiyo dalili yenyewe, wapelekee Lutindi habari hiyo kabla ya tarehe ya kliniki.

Mwanachama, Chumbageni: Nikimuuliza mtu kama anafikiria kujiua, si nitakuwa nimempa wazo?

Jibu: Hapana. Kumuuliza wazi hakupandi wazo, wengi wanashukuru kupata pa kulitua. Uliza hivi: "Umewahi kutamani usiwepo?" Hapo usitume meseji. Piga, sauti isikike, na usikate mpaka mtu mwingine afike mlangoni kwake kwa bodaboda. Asiachwe peke yake, na dawa zote zitunzwe na mtu mwingine.

Mwanachama, Sahare: Nilimpelekea nesi simu yenye kumbukumbu za miezi miwili, hakutaka hata kuitazama.

Jibu: Limenikuta hilo kwenye kituo kimoja, niliondoka nalia. Foleni ilikuwa hadi nje, hakuwa na dakika ya kupekua simu ya mtu. Tangu hapo usiku wa kabla ya kliniki nahamishia kwenye karatasi moja: kila wiki mstari mmoja, usingizi, dawa zilizorukwa, namba ya juu na ya chini ya moyo. Naikunja ndani ya kadi. Daktari akifungua kadi, inamdondokea mkononi.