Jinsi ya Kuomba Kampuni Isaidie Maabara ya Shule ya Serikali, Moshi

Kabla ya kuandika barua yoyote, mkuu wa shule aingie stoo ya maabara pamoja na mwalimu wa kemia, leja ikiwa mkononi, wahesabu vifaa kimoja kimoja. Bureti, yaani mrija wa kioo wenye alama na koki wa kupimia ujazo wa kimiminika, iliyovunjika ncha au inayovuja isihesabiwe, kwa sababu mwanafunzi hawezi kusoma ujazo sahihi kwenye chombo kinachodondosha chenyewe. Darasa la wanafunzi 48 lenye bureti 6 nzima hugawana bureti moja kwa wanafunzi wanane: mmoja anafungua koki, wawili wanatazama rangi ikibadilika, waliobaki wananakili majibu, kisha wote hao tunawategemea wafanye mtihani wa vitendo wa kidato cha nne. Shule ikiomba bureti 18 zaidi, kila wanafunzi wawili watakuwa na yao. Hesabu ya namna hiyo ndiyo moyo wa ombi, maana kampuni inayoambiwa tu kwamba "maabara ina uhaba" haina mahali pa kuanzia.

Orodha ikikamilika, bodi ya shule ikae na kuipitisha, na muhtasari wa kikao uambatanishwe na barua pamoja na profoma, yaani makadirio ya bei kwa maandishi, kutoka kwa muuzaji wa vifaa vya maabara.

Barua ipitie kwa Afisa Elimu Kata na Afisa Elimu Sekondari hadi kwa Mkurugenzi wa halmashauri. Hapa wengi hukosea, kwani shule zilizo mjini ziko chini ya Manispaa ya Moshi, ilhali za Kibosho na Marangu ziko chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, ingawa watu wote husema wanatoka Moshi. Nikiwa mjumbe wa bodi, niliwahi kupeleka barua moja kwa moja kiwandani bila idhini ya mkurugenzi. Ilirudishwa baada ya wiki kadhaa, bajeti ya mwaka ikiwa imeshafungwa. Kwa hiyo ulizeni mapema kampuni inapanga bajeti yake mwezi gani.

Msiombe vifaa peke yake. Kiwanda cha sukari au cha vinywaji kina mkemia anayepima sampuli kila siku, na saa mbili za mkemia huyo mbele ya kidato cha tatu zina thamani ambayo profoma haiwezi kuonyesha. Ombeni siku na mada mahususi.

Kampuni ikiuliza kuhusu kodi, ielezwe kuwa inaweza kuchangia kupitia Mfuko wa Elimu, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kusimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania, na kwamba Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inatambua michango ya aina hiyo. Mhasibu wake ataendelea kutoka hapo. Fedha taslimu, zikitolewa, ziingie kwenye akaunti ya shule na zikatiwe stakabadhi, kamwe zisipitie kwenye simu ya mtu.

Siku ya kukabidhiwa, vifaa vifunguliwe na kukaguliwa mbele ya mtoaji, hati ya makabidhiano isainiwe, na kila kimoja kiandikwe kwenye leja jioni hiyohiyo. Baada ya muhula mmoja, mkuu wa shule aiandikie kampuni taarifa ya ukurasa mmoja, akieleza majaribio yaliyofanyika, wanafunzi wangapi walishiriki na bureti ngapi bado ni nzima.