Namna ya Kusoma Alama za Sare katika Picha ya Zamani ya Muuguzi wa Kijeshi

Mwenye picha ya muuguzi wa vitani, iwe imehifadhiwa sandukuni Kondoa au imetundikwa ukutani Mpwapwa, aanze kwa kuangalia mikono na mabega.

Msalaba mwekundu hauonyeshi cheo. Ni alama ya ulinzi iliyokubaliwa Geneva mwaka 1864, na mikataba ya 1906 na 1949 inaagiza kwamba watumishi wa tiba wa jeshi wavae mkono wa kushoto kitambaa chenye alama hiyo, kilichopigwa mhuri na mamlaka ya jeshi. Kwa hiyo daktari mwenye cheo cha kanali na muuguzi wa kawaida huweza kuvaa kitambaa cha namna moja. Kitambaa kikionekana mkono wa kulia, chunguza maandishi ya beji: yakisomeka kinyume, picha ilisafishwa ikiwa imegeuzwa.

Cheo kitafute mabegani. Wauguzi wanawake wa jeshi la Uingereza walianza kuvaa nyota za maofisa mwaka 1941, nyota mbili zikiwa za luteni. Basi ukiambiwa kwamba picha ni ya mwaka 1916, majeshi ya Uingereza yalipoiteka Dodoma kutoka kwa Wajerumani, na muuguzi Mwingereza ana nyota mabegani, tarehe hiyo haiwezi kuwa sahihi.

Joho fupi la mabegani linahitaji uangalifu zaidi. Wauguzi wa kudumu walivaa jekundu, na wa akiba walivaa la kijivu lenye ukingo mwekundu. Filamu nyingi za zamani hazikuhisi rangi nyekundu, kwa hiyo nyekundu hutokea karibu nyeusi; joho lililotokea jeusi kabisa usilidhanie kuwa la maombolezo au la kitawa.

Tafadhali usiwapite wanaume. Katika Vita Kuu ya Pili, Waafrika wengi waliohudumia majeruhi katika Kikosi cha Tiba cha Jeshi la Afrika Mashariki walikuwa wanaume waliovaa kaki, na vyeo vyao vilishonwa mkononi kwa tepe: mbili za koplo, tatu za sajenti. Babu aliyekumbukwa kijijini kama askari tu huenda alikuwa mganga wa majeruhi, na haki yake ni kuandikwa hivyo.

Unayoyagundua yaandike nyuma ya picha kwa penseli laini bila kukandamiza, na jambo lenye shaka uliwekee alama ya kuuliza.